Tupeane uzoefu: mkufunzi alipoingia darasani kwako kukufundisha kutumia kishikwambi na projekta

Mwalimu wa Zamu
Ndugu walimu, mratibu wetu wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) ametangaza kwamba jumuiya ya kujifunza ya shule itaanza kujadili matumizi ya TEHAMA darasani, na nusu ya ofisi ikaguna. Mguno huo nauelewa. Tangu tukabidhiwe vile vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022, tumehudhuria semina za kuwasha, kuzima na kujisajili katika mfumo wa Taasisi ya Elimu Tanzania, lakini ni wachache waliowahi kupata mtu wa kuingia nao darasani, akakaa nyuma na daftari lake, kisha akawaambia ukweli kuhusu kipindi walichofundisha. Mliompata mtu wa namna hiyo, tusimulieni alivyowasaidia na alivyowaudhi.

Chaki Mkononi
Wangu alikuwa fundi kweli kweli, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Kila nilipokwama alininyang'anya kishikwambi, akabonyeza mahali pasipojulikana, akanirudishia kikiwa tayari. Wanafunzi walimpigia makofi yeye. Alipoondoka, sikuweza hata kulipata faili alilolifungua.

Jirani wa Ubao
Naunga mkono, huyo tunamfahamu sote.

Bibi Hesabu
Nilibahatika kupata wa aina nyingine, na naona ni haki nimweleze kwa kirefu. Nilikuwa nikifundisha darasa la sita jumla ya pembe za pembetatu, wanafunzi wakiwa wengi kiasi cha kubanana wanne katika dawati moja, nami nina kishikwambi kimoja, projekta hakuna. Kabla ya kipindi alilisoma andalio langu la somo, akaniuliza swali moja tu: "Ni kitu gani unataka waone ambacho ubao hauwezi kuwaonesha?" Nikabaki kimya, kwa kuwa nilikuwa nimeandika "kishikwambi" katika safu ya zana ili afisa akipita akione. Tukakubaliana kwamba kila mwanafunzi achore pembetatu yake katika karatasi, akate pembe zake tatu na kuzipanga zikigusana katika nukta moja, aone kwamba zinafanya mstari mnyoofu. Baada ya hapo ndipo kishikwambi kikazunguka kundi kwa kundi kikiwa na GeoGebra, programu ya kuchora maumbo ya hesabu, mtoto anavuta ncha ya pembetatu, pembe zinabadilika zote lakini jumla inabaki 180. Mkufunzi hakukigusa kifaa hata mara moja. Alikaa nyuma akiandika nani ameshika na nani hajashika, na baadaye akanionesha kwamba wavulana wa mbele ndio waliokuwa wakivuta huku wasichana wakitazama tu. Jambo hilo nisingeliona mwenyewe.

Mdai Haki
Maelezo ni mazuri, dada, lakini tuseme na jambo lingine. Mafunzo haya yanafanyika baada ya vipindi, hayana posho, na bando la kupakua masomo natoa mfukoni mwangu. Mwalimu mwenye njaa hafundishwi GeoGebra.

Mratibu wa Kata
Ndugu Mdai Haki, jumuiya za kujifunza zilianzishwa ndani ya shule ili mwalimu asisafiri kwenda semina ya mjini na kurudi na fulana. Tukidai posho ya kuzungumza na mwenzetu wa darasa la pili, basi tudai na ya kusalimiana.

Mdai Haki
Wewe pikipiki yako inawekewa mafuta na nani?

Mwalimu wa Zamu
Naomba suala la mafuta mlimalize faraghani.

Mwalimu wa Magharibi mwa Kenya
Majirani, hayo ya kwenu tuliyapitia tangu mwaka 2016, mradi wa kitaifa ulipoleta tabuleti za wanafunzi wa darasa la kwanza zikiwa na masomo ndani yake. Katika shule niliyokuwa nikifunza, walimu wachache walipelekwa kwenye mafunzo, wawili kati yao wakahamishwa, na ujuzi wote ukahama nao. Tabuleti zikabaki katika chumba chenye vyuma madirishani, ufunguo ukiwa kwa mwalimu mkuu aliyehofia zisivunjwe. Ushauri wangu ni kwamba mkufunzi asipewe mwalimu mmoja hodari, bali wawili wanaofunza gredi ile ile, waingie katika vipindi vya wenzao kwa zamu.

Mama Baiolojia
Mmenikumbusha jambo ambalo shuleni kwetu bado linasimuliwa. Mkufunzi alikuja kunionesha namna ya kutumia video ya mbegu inavyoota, ile ya siku nyingi zilizofupishwa, ambapo mzizi unashuka kwanza ndipo chipukizi linainuka. Video ilikuwa katika simu yake, hivyo akaiunganisha na projekta kwa waya. Kidato cha kwanza wote wametulia, mzizi unashuka taratibu ukutani, mara ujumbe ukajitokeza juu ya picha, kwa herufi kubwa kuliko mzizi wenyewe: "Kesho saa nne usipoleta marejesho tunakuja kuchukua friji." Wanafunzi waliusoma kwa sauti moja, kama walivyozoea kusoma kila kinachoandikwa ubaoni. Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni. Mkufunzi akachomoa waya kwa haraka, projekta ikatoa mwanga wa buluu, na mtoto mmoja akanyoosha mkono kuuliza kama friji ni sehemu ya mbegu.

Jirani wa Ubao
Mungu wangu! Friji ilichukuliwa?

Chaki Mkononi
Hii mikopo ya kausha damu itatumaliza. Na huyo ndiye mtaalamu?

Mzee wa Chaki
Nimefundisha miaka mingi, na ubao haujawahi kumtangazia mtu deni. Rudisheni chati za manila.

Mama Baiolojia
Mzee wangu, shikamoo. Chati nilikuwa nayo, lakini chati haiwezi kuonesha kwamba mzizi unatangulia. Tuliporudi ofisini, mkufunzi hakujificha: tulikaa, tukaihamishia video katika kishikwambi cha shule, akanitaka niisimamishe kila hatua na kuwauliza wanafunzi watabiri kinachofuata kabla ya kuendelea. Siku iliyofuata nilifundisha mkondo wa pili kwa utaratibu huo peke yangu, yeye akiwa nyuma, na hicho ndicho kipindi changu bora cha muhula. Habari za friji sikuuliza.

Bibi Hesabu
Hapo kwenye kusimamisha na kutabiri ndipo penye mafunzo yenyewe. Video ikichezwa mfululizo, darasa linageuka banda la sinema.

Fundi Mitambo
Kabla ya kuunganisha simu, iweke katika hali ya ndege.

Chaki Mkononi
Kwangu ikiwa katika hali ya ndege haioni projekta.

Fundi Mitambo
Yako inaunganishwa bila waya. Tumia waya.

Mdai Haki
Au usikope.

Mwalimu wa Fizikia
Nami naomba kuongeza kitu kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Majaribio-igizo ya PhET, yaani majaribio ya sayansi yanayofanyika ndani ya kifaa, yanayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, hupakuliwa bure na kutumika bila mtandao, na lile la saketi za umeme linamruhusu mwanafunzi kuunganisha vibaya mara nyingi apendavyo bila kuunguza betri. Mkufunzi wangu alinisisitizia lisichukue nafasi ya waya na balbu halisi: waanze na balbu, wakwame, ndipo waingie katika kifaa kutafuta sababu.

Mzee wa Chaki
Mwalimu wa zamani kama mimi atalipataje hilo la umeme?

Mwalimu wa Fizikia
Shikamoo kwanza, mzee wangu. Niletee flashi kwenye kikao cha kata cha Alhamisi, nitakuwekea, na wiki ijayo nitakuja kukaa nyuma ya darasa lako ukilitumia.

Mzee wa Chaki
Njoo, lakini kifaa nashika mimi.