Walinifunga tairi nikiwa mteja wao, rufaa wameijibu kwa mistari minne. SIKUBALI

Wanajamvi habari za jioni. Hili jambo la kufungwa tairi la gari na watu wa paking nimekaa nalo wiki tatu nikijiambia ngoja nifuate utaratibu, niandike barua kistaarabu, nisubiri majibu. Majibu yamekuja leo mchana na hasira niliyonayo hapa naandika mkono unatetemeka. Uzi mrefu kidogo, nivumilieni.

Niko Tanga. Mwezi uliopita nilimleta mama mjini kutoka Pongwe, ametoka kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, jicho moja limefungwa bandeji, na dawa ya matone aliyoandikiwa tulikotoka haikuwepo, tukaelekezwa duka la dawa lililopo chini ya jengo moja la biashara hapa mjini. Jina la jengo silitaji, wa Tanga wengine mtalijua wenyewe. Nikaingia na gari, geti liko wazi, hakuna kizuizi, hakuna wa kukupa tiketi, hakuna aliyeniambia neno lolote. Mlinzi alikuwepo kakaa kwenye kiti cha plastiki, akanyanyuka akanipungia mkono nirudi nyuma, nirudi nyuma, hapo hapo braza, panatosha. Yaani yeye mwenyewe ndo kanipanga pale!

Ilikuwa saa nne na dakika tano asubuhi. Dukani tukakuta foleni, halafu dawa yenyewe ikabidi ifuatwe stoo kwenye friji, mpaka tunatoka ni saa nne na dakika thelathini na nane.

Tairi la mbele kulia limekumbatiwa na dude la chuma la njano na kufuli kubwa. Kioo cha mbele, upande wa dereva, wamebandika karatasi imeandikwa FAINI 60,000, BAADA YA SAA 24 INAONGEZEKA 10,000 KILA SIKU. Na ile gundi sijui ni ya nini, nimekwangua kwa wembe, nimepaka mafuta ya taa, mpaka leo jua likipiga naona mraba mweupe mbele ya macho yangu nikiendesha.

Nikamuuliza yule mlinzi, kaka si wewe ulinipanga hapa? Akainamisha kichwa, akasema braza mimi natekeleza tu, mwisho dakika 15, zungumza na supavaiza. Supavaiza akaja baada ya dakika ishirini hivi. Nikampa salamu, nikamwonesha mama, nikamwonesha mfuko wa dawa kutoka duka la humo humo ndani ya jengo lao, nikamwonesha risiti. Akasema sheria ni sheria. Muda wote huo mama amekaa kwenye ukingo wa saruji, ameshika upande wa khanga kaziba jicho lisiingie vumbi, jua la Tanga la saa tano mnalijua. Akaniambia mwanangu walipe twende, jicho linawasha. Nikalipa. Sikulipa kwa sababu nilikubali kosa, nililipa kwa sababu mama yangu alikuwa juani, na wao walijua hilo vizuri sana.

Sasa sikilizeni malipo yalivyofanyika. Nimepewa namba ya simu ya kawaida, natuma hela linatokea jina la mtu, sio kampuni. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakuna. Nikachaniwa kikaratasi kwenye kile kitabu cha kaboni cha kununua stationari, hakina TIN (namba ya mlipa kodi), hakina jina la kampuni, kimeandikwa "paking 60,000" na sahihi isiyosomeka. Kumbuka duka la dawa nimenunua matone ya elfu kumi na kitu nikapewa risiti ya mashine yenye tarehe na saa, hawa wamechukua elfu sitini nzima wananiandikia kwa kalamu!

Kitu kimoja nilifanya nashukuru Mungu nilikikumbuka, kabla sijawasha gari nilimtumia yule supavaiza meseji kwenye namba ile ile: "Nimelipa 60,000 ili mfungue gari langu, sikubali kosa na nitadai hela yangu." Meseji ina tarehe na saa. Mkikutwa na hili fanyeni hivyo pale pale, usingoje ufike nyumbani, maana baadaye watasema ulilipa kwa hiari.

Halafu nikauliza bango liko wapi. Akaninyooshea kidole. Jamani bango lenyewe ni karatasi ya A4 iliyotiwa leminesheni, imegongwa msumari ukuta wa nyuma karibu na jenereta, imeangalia upande wa magari yanayotoka, na tawi la mkungu limefunika nusu yake. Nilisogea nikaweka kidole, herufi za hayo masharti ya dakika 15 hazifiki ukubwa wa ukucha wa kidole changu kidogo. Nikapiga picha kumi na moja, ikiwemo moja nikiwa nimekaa kiti cha dereva getini ninapoingia. Kwenye hiyo picha unaona ukuta, unaona mti, bango huoni.

Siku ya tatu nikaandika barua ya rufaa kurasa mbili. Nikaeleza nilikuwa mteja na risiti ya duka la dawa inaonesha saa 4:31, nikaeleza mlinzi wao ndo alinielekeza, nikaeleza bango halionekani, nikaambatanisha picha, nikauliza hiyo elfu sitini imekokotolewa vipi. Nikaipeleka mwenyewe kwa mkono, yule dada wa mapokezi akataka kuiweka tu kwenye droo, nikakataa kuondoka mpaka nakala yangu igongwe muhuri na tarehe.

Leo ndo jibu. Limekuja WhatsApp, picha ya barua, imepigwa pembeni kivuli cha simu kinaonekana. Nainukuu yote maana ni fupi: "Rufaa yako imepitiwa na kukataliwa. Ulikiuka masharti yaliyobandikwa eneo la maegesho. Faini uliyolipa ni halali. Uamuzi huu ni wa mwisho." Na chini kasaini nani? SUPAVAIZA YULE YULE aliyepokea hela kwenye simu yake!!

Hapo ndo roho inaponiuma. Kukataliwa peke yake ningeweza kukaa nalo, mtu anaweza kukataliwa na akaelezwa kwa nini. Ila hakuna hoja yangu hata moja iliyoguswa. Risiti haikutajwa. Mlinzi hakutajwa. Picha hazikutajwa, sidhani hata zilifunguliwa. Mtu aliyechukua hela yako anakaa kuamua kama alikosea kuchukua hela yako, halafu anakuambia ni mwisho. Mwisho kwa mamlaka gani?

Na hili neno faini linanikera tangu siku ile. Faini inatozwa na aliyepewa nguvu hiyo na sheria. Hata paking za barabarani za TARURA, wakala wa barabara wa serikali, ambazo watu tunazilalamikia kila siku, deni linakuja na kontrol namba na hela inaingia serikalini, unaweza kulifuatilia. Mwenye kiwanja binafsi alichonacho ni makubaliano tu kati yake na mimi, na makubaliano hayawezi kuwepo kwenye masharti ambayo nimeyaona wakati natoka. Binamu yangu anasoma sheria nikampigia, akanifungulia Sheria ya Mikataba, Sura 345. Kifungu cha 74 kinasema hata kama mkataba umetaja kiasi cha kulipa ukivunjwa, mtu anastahili fidia ya kuridhisha tu isiyozidi kile kiasi, sio kwamba ukitaja sitini basi ni sitini yako. Mimi nimezidisha dakika 18, nafasi nyingine tatu zilikuwa wazi pembeni yangu (zipo kwenye picha), hasara gani ya elfu sitini? Na kifungu cha 72 kinasema aliyepokea hela iliyolipwa kwa makosa au kwa kulazimishwa lazima airudishe. Gari langu lina mnyororo, mama mgonjwa juani, ongezeko la elfu kumi kila siku, kama huko sio kulazimishwa mnieleze ni nini.

Mdogo wangu yuko Leicester Uingereza, nilipomsimulia akashangaa. Anasema kule kufunga tairi kwenye kiwanja cha mtu binafsi kumepigwa marufuku England na Wales tangu Oktoba 2012, wanachoweza ni kukutumia bili, na kampuni ikikataa rufaa yako ya kwanza inatakiwa ikuelekeze kwa mwamuzi wa pembeni, yeye kampuni iliyomwandikia ilikuwa chini ya POPLA, chombo huru cha rufaa za paking, hulipi kitu kupeleka rufaa, una siku 28. Yeye alikataliwa mara ya kwanza kwa barua kavu kama yangu, akaenda huko, kampuni ikashindwa kuleta picha ya bango, ikaisha. Sisemi kule dereva anashinda kila siku, kuna kesi ilifika mpaka mahakama yao ya juu kabisa 2015, jamaa alizidisha dakika 56 kwenye paking ya bure ya masaa mawili, akaambiwa alipe pauni 85, akashindwa. Lakini alishindwa kwa sababu mojawapo ni mabango, yalikuwa kama ishirini, makubwa, yanasomeka. Sio karatasi ya A4 nyuma ya mkungu!

Sasa najua kuna watakaosema achana nao, elfu sitini tu, utapoteza nauli na muda. Nimeambiwa hivyo hata na shemeji yangu. Ndugu zangu, nilikaa ng'ambo ya barabara siku nilipopeleka barua, kwenye banda la chai, saa moja na nusu tu, nikahesabu magari matatu yakifungwa. Mmoja alikuwa mzee wa kanzu na Probox, amejaza viroba vya machungwa, alikuwa anampigia simu mtu amkopeshe. Wote walilipa, wote walichaniwa kikaratasi cha kaboni. Hakuna aliyeandika barua.

Kwa hiyo nafanya hivi. Nimeandika barua ya pili, safari hii haiendi kwa supavaiza, inaenda kwa mwenye jengo mwenyewe, maana kampuni ya paking ni kibarua wake, na nakala naipeleka kwa mwenye duka la dawa ambaye wateja wake ndo wanafungwa. Nimetoa siku 14 za kurudishiwa hela. Suala la risiti nalipeleka TRA, mamlaka ya kodi, peke yake, halihusiani na rufaa, mtu anayepokea hela za biashara kwenye simu yake bila EFD ana maelezo ya kutoa huko. Malalamiko ya mlaji naandikia Tume ya Ushindani, FCC. Siku 14 zikipita nafungua dai Mahakama ya Mwanzo, kule mambo ni Kiswahili na naweza kusimama mwenyewe, vielelezo ninavyo, risiti ya duka, meseji, picha, nakala yenye muhuri, na sasa wamenipa na barua yao ya mistari minne.

Naomba vitu viwili kwenu. Kama kuna aliyewahi kudai hela ya namna hii Mahakama ya Mwanzo anielekeze, hasa nimshtaki nani, kampuni ambayo hata jina kwenye risiti halipo au yule ambaye jina lake lilitokea kwenye simu. Na kama umefungwa tairi jengo hilo hapa Tanga na bado una kile kikaratasi cha kaboni, usikitupe, njoo PM, nipe tarehe na kiasi. Mpaka sasa tupo wanne na yule mzee wa machungwa nimempata, yuko Ngamiani, kikaratasi alikiweka ndani ya msahafu.

Jumatatu saa mbili asubuhi napeleka barua. Nitarudi hapa hapa kuwaambia wamesema nini.