"Mgonjwa hatulii": niandike msimbo gani?

Karani wa kumbukumbu za afya, Temeke:
Ndugu wataalamu, salaam. Kazi yangu ni kuweka misimbo ya ICD-10, yaani orodha ya kimataifa ya magonjwa na dalili, kwenye mafaili kabla fomu za madai hazijapelekwa bima, na mara nyingi nakuta daktari wa zamu ya usiku ameandika maneno mawili tu, "mgonjwa hatulii", kisha sindano ya kumtuliza. Juzi nilipata faili la mzee aliyelazwa na malaria, ambaye kwa maelezo ya wauguzi aling'oa dripu usiku na kuwaita watu wasiokuwepo. Je, niweke R45.1, au F05 kwa kuwa dalili zinaelekea huko?

Mtunza kumbukumbu mwandamizi, Ilala:
Mdogo wangu, usiandike F05 kwa kukisia. R45.1 ni msimbo wa dalili, yaani kutotulia na fadhaa, ilhali F05 ni ugonjwa wenyewe, kuchanganyikiwa kwa ghafla kusikosababishwa na pombe wala vilevi vingine, na ugonjwa hutajwa na tabibu, si sisi. Mrudishie faili, umwulize kwa maandishi chanzo cha hali ile ni nini, bila kumtajia jibu. Akithibitisha kuwa ni malaria ya falciparum iliyoathiri ubongo, B50.0 inatosha kuieleza na R45.1 unaiondoa; chanzo kisipojulikana hadi mzee anaruhusiwa, R45.1 ndiyo kweli yenyewe.

Muuguzi, wodi ya wanaume:
Naomba niongeze upande wetu, kwa sababu msimbo mbaya huanzia kwenye maandishi mabaya. "Mkorofi" si taarifa ya kitabibu, na linaniuma kila ninapoliona kwenye faili. Andikeni saa, alichofanya, alichosema, kama aliwatambua nduguze, na kiwango chake kwenye kipimo cha fadhaa na usingizi cha RASS, kinachoanzia -5 (haamki kabisa) hadi +4 (anapigana). Kabla ya sindano pimeni joto, oksijeni na sukari, mkague na kibofu, maana nimewahi kumwona mzee akipigana na wodi nzima, kumbe mkojo umemfunga. Alipowekewa mpira wa mkojo alilala.

Karani wa kumbukumbu za afya, Temeke:
Ahsanteni sana, dada na kaka. Nimelirudia faili: joto limeandikwa kila zamu, lakini sukari haikuandikwa hata mara moja, ingawa malaria kali huishusha. Nimeliongeza hilo kwenye barua ya kumwuliza daktari, na msimbo nimeuacha wazi mpaka ajibu.