Mashine mpya ya kupasua magogo, weldingi ina ufa: niirudishe Dar au nichomelee hapa hapa?

Mpasuaji_Mafinga
Wakuu habari za kazi. Nimenunua mashine ya kupasua magogo, mpya, ya injini ya petroli na haidroliki. Siku ya tatu kazini nimeona ufa kwenye weldingi. Muuzaji kanipa njia mbili: niirudishe Dar wanibadilishie, au wanipe 250,000 nitafute fundi huku. Nina oda ya kuni za kiwanda cha chai, mwisho wa mwezi. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

Grinda
Ufa uko wapi mkuu? Kuna weldingi ya mguu wa tairi na kuna weldingi ya kabari, hizo ni habari mbili tofauti. Una risiti? Nauli ya kuirudisha ni ya nani? Umeshaigusa na fimbo ya kuchomelea au bado? Weka maelezo kwanza.

MamaKuni
Rudisha. Kitu cha milioni kadhaa hakianzi maisha kwa viraka.

Mpasuaji_Mafinga
Samahani, niliandika kwa haraka. Ufa uko chini ya kabari, pale ilipochomelewa kwenye boriti, upande unaotazama gogo. Urefu ni kama kidole. Niliugundua kwa sababu mafuta na vumbi vilijichora mstari mweusi, na gogo likibanwa ule mstari unafunguka, silinda ikirudi unafunga. Risiti ninayo, ila ya mkono. Nauli hatujaongea. Haijaguswa na mtu.

Grinda
Basi zima mashine leo. Huo ndio mshono unaobeba kila kitu. Silinda inasukuma gogo kwenye kabari kwa juu, kabari inataka kulala nyuma, kwa hiyo mshono wa mbele ndio unaovutwa. Mshono ukiachia, kabari inachomoka ikiwa na tani zote nyuma yake, na wewe umesimama pembeni.

Kabla ya kuamua, pima. Safisha mshono wote mpaka chuma kionekane, paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa vizuri kwa kitambaa kikavu, halafu pakaza unga wa chaki. Palipo na ufa mafuta yatajitokeza kwenye chaki.

Risiti_Kwanza
Mimi nimekwama kwenye "risiti ya mkono". Ndugu, mashine ya bei hiyo unakubalije kuondoka bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi? Mdai leo leo, kabla hamjagombana. Ukifika Tume ya Ushindani (FCC) na malalamiko, swali la kwanza ni ushahidi wa manunuzi. Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji, lakini lazima uonyeshe ulinunua nini, kwa nani, lini.

Baba_Tela
Nikueleze yaliyonipata, usije ukaipokea hiyo 250,000 bila kufikiri.

Mwaka 2022 nilinunua tela jipya la trekta. Mshono wa kichwa cha kuvutia ulikuwa na vitundu kama mkate. Nilimpigia muuzaji, akanitumia pesa ya fundi na karatasi ya kusaini kwamba nimeridhika. Nikasaini. Nikaenda kwa fundi wa mageti pale kijijini. Hakusaga, hakufungua ule ufa. Alipitisha fimbo ya 6013 juu yake, akapaka rangi ya fedha. Ukiangalia, mshono unang'aa.

Siku ya tisa tulikuwa tunashuka mlima na mahindi, gunia 40. Likachomoka. Kijana aliyekaa juu ya magunia aliruka upande wa mlimani, akavunjika mguu. Angeruka upande wa pili tungemzika. Nilipolitazama lile chuma, fundi alikuwa amefunika ufa kama mtu anavyofunika shimo kwa majani. Na muuzaji akaniambia: mshono huo si wetu, na karatasi ulisaini. Gharama za hospitali nililipa mimi. Yule kijana mpaka leo anachechemea.

Grinda
Pole sana mzee. Ila 6013 yenyewe haina kosa, kosa ni kutosaga. Ufa unatobolewa tundu dogo kila mwisho usiendelee kukimbia, unasagwa kwa umbo la V mpaka uishe, chuma kinapashwa moto, ndipo unajaza.

Fimbo_Kavu
Kwa kabari mimi sikubali 6013. Ni fimbo za 7018, na ziwe kavu, zimetoka kwenye tanuri. Zikivuta unyevu zinakuletea ufa mwingine baada ya siku mbili. Na waya wa ardhi ubanwe kwenye kabari yenyewe, usibanwe kwenye silinda, umeme utapita kwenye sili (zile mipira za kuzuia mafuta) na kuziharibu.

Kericho_Boila
Huku Kericho nimefanya na boila ya chai miaka mingi. Muuzaji alikwambia ni ya tani ngapi? Silinda ina kipenyo gani?

Mpasuaji_Mafinga
Imeandikwa tani 30. Silinda nimesoma kipenyo cha ndani kwenye karatasi yake, inchi 4.

Kericho_Boila
Inchi 4 kwa presha ya PSI 3,000 (pauni kwa inchi ya mraba) inatoa kama tani 17. Ili ifike 30 lazima presha ipite 5,000, na pampu ndogo za hivyo hazifiki. Umeuziwa stika. Hilo nalo mdai.

MamaKuni
Ndiyo maana nasema rudisha.

Mpasuaji_Mafinga
Nimepima kwa chaki. Mstari umetokea mbele, na mwingine umetokea ubavuni ambao sikuwa nimeuona kabisa. Nimemtumia muuzaji picha. Sasa anasema nisiguse, atatuma fundi wake kutoka Dar. Siku hajataja. Pesa sijapokea. Vijana wawili wameanza kupasua kwa shoka tangu asubuhi.

Njombe_Mikaratusi
Kwa shoka, wapasue mikaratusi ikiwa mibichi. Ikikauka nyuzi zinashikana, utawaua vijana bure. Wape kabari mbili za chuma na nyundo ya kilo 5, ya kwanza ikikwama unaikomboa kwa ya pili. Magogo yenu yamekatwa urefu gani?