Kupima ujazo wa mapafu kwa dumu la maji

Mwalimu, Igoma: Ndugu zangu, salaam. Nafundisha baiolojia hapa Mwanza. Wanafunzi wangu walipuliza hewa kwa mpira ndani ya dumu la lita 5 lililojaa maji na kupinduliwa kwenye beseni, na kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, alisukuma nje lita 4.5 za maji. Je, hiyo ndiyo hewa yote ambayo mapafu yake hubeba?

Muuguzi, Nyamagana: Hapana, Mwalimu. Mmepima hewa anayoweza kuitoa baada ya kuvuta pumzi hadi mwisho. Hata akijikamua namna gani, kwa mtu mzima hubaki takriban lita 1.2 isiyotoka, ambayo huyazuia mapafu yasisinyae, na kuipima huhitaji mbinu nyingine, kama vile kuvuta gesi ya heli. Pumzi ya kawaida ni nusu lita tu. Chombo chenu kinafanana na spirometa, yaani kifaa cha kupima pumzi, aliyoieleza John Hutchinson wa Uingereza mwaka 1846, akionyesha kuwa kiasi cha hewa mlichopima huongezeka kadiri mtu anavyokuwa mrefu.

Mzazi, Kirumba: Naomba sana kila mtoto apewe mpira wake safi, kwani kifua kikuu huenea kwa hewa.

Mwalimu, Igoma: Nimepokea, na mipira nitaiongeza. Kijana huyo kweli ndiye mrefu kuliko wote darasani, nami nilidhani ni kuogelea ziwani.