Shule ya msingi ya binafsi Dodoma isiyotumaliza mfukoni

Kutoka Reading, Uingereza

Shikamooni wakubwa, wengine habari za siku. Mume wangu amepata kazi Dodoma, ofisi ziko Mtumba, na Mungu akipenda tunarudi Desemba. Binti yetu atatimiza miaka minane Februari. Kiswahili anaongea vizuri, ila kuandika hajui kabisa. Natafuta shule ya kutwa ya mchepuo wa Kiingereza, ada ya watu wa kawaida. Kila ninayemuuliza ananitumia picha za mahafali na bango la "wastani A". Mlioko Dodoma, mliangalia nini mlipochagua?

Kutoka Kisasa, Dodoma

Marahaba dada, karibuni nyumbani. Jina la shule sitakutajia, maana inayonifaa mimi wa Kisasa itakutesa wewe ukipanga Nzuguni au Miyuji. Nitakwambia ninavyozichuja.

Tuanze na hilo bango. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, lakini matokeo ya kila shule bado yako kwenye tovuti yao, bure. Chukua shule unayoitaka, fungua matokeo ya upimaji wa darasa la nne wa 2021, uone waliofanya ni wangapi. Halafu fungua ya darasa la saba ya 2024. Hao ni kundi lilelile, miaka mitatu baadaye. Ukikuta darasa la nne walikuwa 50, darasa la saba wamebaki 28 na wastani wa shule ni 250 kwa 300, usiushangilie huo wastani. Uliza wale 22 wako wapi.

Wapo wanaohama kwa heri, huu ni mji wa watumishi na uhamisho ni wa kila mwaka. Ila karibu nusu ya darasa haihami kwa heri. Kuna shule zinamwita mzazi mtoto akiwa la tano au la sita, anaambiwa amkaririshe au amtafutie pengine, ili bango lisichafuke. Serikali imekemea sana huo mchujo na bado upo. Nakukazia hapa kwa sababu ya binti yako: Kiswahili kinatahiniwa hata kwenye hizi shule za Kiingereza, na alama zake ni sawa na za hisabati. Mtoto asiyejua kuandika Kiswahili ndiye wa kwanza kuitiwa mzazi. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwalimu mkuu siyo "mmefaulisha wangapi", bali "mtoto akiwa nyuma Kiswahili, nani anakaa naye, saa ngapi, na analipwa na nani?" Anayejibu moja kwa moja, rudi kwake.

Pili, pesa. Ada ya kwenye fomu ni nusu ya habari. Tuseme imeandikwa 1,200,000 kwa mwaka, kwa awamu nne. Ongeza gari 60,000 kwa mwezi na chakula 40,000, kwa miezi kumi ni milioni nyingine. Hapo hujagusa sweta yenye nembo inayouzwa shuleni tu, traksuti, rimu, mitihani ya majaribio, na tuisheni ya Jumamosi ambayo ni ya hiari mpaka siku usipolipa. Omba karatasi ya michango yote ya mwaka, yenye mhuri. Na uliza namba ya usajili, ya shule ya msingi huanza na EM. Mtu akianza kuzungukazunguka hapo, aga uende zako.

Tatu, gari. Mtumba ni kama kilomita 17 kutoka mjini, na shule nyingi za zamani ziko huku mjini. Mkipanga upande wa Ihumwa, jirani na Mtumba, halafu shule iko Area D huku mjini, mtoto atapitiwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Usimsikilize mtu wa mapokezi. Kasimame getini saa moja kasoro asubuhi uhesabu wanaoshuka kwenye Hiace moja. Mimi nilishaona watoto wanne kwenye kiti cha watu wawili, wa tano kapakatwa, begi liko mdomoni mwa mwenzake. Shule hiyo ukutani imechorwa Mickey Mouse mzuri ajabu.

Halafu omba kuona daftari la mtoto wa darasa la tatu, lile la mwezi uliopita, siyo lile walilokuandalia. Nililoonyeshwa mahali fulani lilikuwa na sentensi "He go to the shamba yesterday", na juu yake tiki kubwa nyekundu na "Good". Sikuuliza habari ya maabara ya kompyuta.

Na usizidharau Kayumba, yaani shule za serikali, dada. Mdogo wangu anasomesha shule ya serikali, hana ada, na ile hela anamlipa mwalimu wa Kiingereza jioni. Mtoto anasoma vizuri kuliko wa kwangu, ingawa darasa lao limejaa pomoni.

Kutoka Muscat, Oman

Nashukuru kwa darasa hili. Mimi wangu yuko la pili, nataka kumwacha na bibi yake Kondoa. Bibi ni mtu mzima sasa. Si bora bweni tu hapo Dodoma mjini?

Kutoka Kisasa, Dodoma

Kaka, bweni kuanzia awali hadi darasa la nne wizara ilizuia tangu 2023, isipokuwa kwa kibali maalumu. Shule ikikwambia inampokea wa la pili, dai uone kibali. Kama ni lazima abaki, mtafutie kutwa karibu kabisa na anapolala bibi, hata kama siyo ya Kiingereza. Ada ilipe mwenyewe kwenye akaunti ya benki yenye jina la shule, na risiti waitume kwako. Usipitishe kwenye simu ya mjomba. Mjomba siyo mbaya, ila ana shida zake.

Dada wa Reading, jambo moja nimesahau. Desemba mtakuta mageti yamefungwa. Usaili wengi wanafanya kabla ya likizo na muhula unaanza Januari, kwa hiyo shemeji kama anatangulia, aje Oktoba na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na ripoti zake za huko. Kwa umri wake wataongea la tatu. Wakitaka kumshusha la pili kwa sababu ya Kiswahili, sikubishii, ila wakuandikie sababu. Mtaala mpya unamalizia darasa la sita badala ya la saba, walioanza la tatu 2024 wanamaliza 2027, kwa hiyo mwaka mmoja wa kushushwa una uzito kuliko zamani. Shemeji akifika anipigie, twende naye getini asubuhi.