Naomba ushauri: nianze na vifaa gani vya useremala nyumbani?

Kijana wa Chanika:
Wakuu, heshima kwenu. Nimeamua kuanza useremala nyumbani, jioni nikitoka kazini na wikiendi. Nianze na stuli, rafu za viatu na vimeza vya sebuleni, vitanda vije baadaye. Bajeti yangu ni milioni 1 na laki 2. Ninavyoona, siku hizi bila mashine hutoboi. Vifaa gani nisivikose? Usingizi sipati kwa hili jambo. Naombeni majibu kabla ya Jumamosi.

Mninga Mkavu:
Mkuu, kwa hela hiyo nenda Keko, nunua vilivyokwisha tengenezwa, uza kwa faida. Useremala ni wito, sio kitu cha jioni.

Mama Kitanda:
Mimi niseme moja tu: jifunzeni uaminifu kwanza. Nilitoa oda ya kitanda cha mninga, fundi akakitengeneza kwa mbao mbichi. Zilipokauka mle chumbani, viungo vikaachia, ubavu ukapinda, tukawa tunalala upande mmoja. Simu hapokei mpaka leo. Vifaa alikuwa navyo vyote!

Fundi Mstaafu:
Pole mama. Mbao mbichi hiyo, haina dawa.

Kijana, swali lako halijajibiwa. Nunua futikamba, skwea ya kupimia pembe, msumeno wa mkono, randa namba 5 (ile ya wastani), patasi tatu (robo inchi, nusu, robo tatu), nyundo, klampu nne na jiwe la kunolea. Cha umeme ni drili peke yake kwa sasa.

Skwea ijaribu palepale dukani. Iegemeze kwenye ukingo wa ubao ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora tena kuanzia nukta ileile. Mistari ikiachana, mrudishie mwenye duka. Skwea ikidanganya, kila kiungo kitakaa upande na utadhani mkono wako ndio mbovu.

Patasi mpya nayo inakuja butu. Sugua mgongo wake kwenye jiwe mpaka ung'ae pale karibu na makali, ndipo unoe upande wa mshazari kwa nyuzi 25 hadi 30. Ikikaa sawa inanyoa nywele za mkono.

Kazi ya kwanza iwe meza ya kufanyia kazi, kwa paini ya Mafinga, 2x4, iliyokauka. Sasa nijibu: utafanyia wapi, na Jumamosi kuna nini?

Kijana wa Chanika:
Shikamoo mzee. Nyumbani tu, nafasi ipo. Jumamosi ndiyo nina muda.

Luku Imeisha:
Nyumbani kwako au umepanga? Jibu tukusaidie.

Kijana wa Chanika:
Nimepanga. Uani kuna kibaraza. LUKU tunachangia wapangaji wanne.

Na kabla hamjanishambulia: nimeshatoa kishika uchumba laki 5 kwa mashine ya mtumba, inapasua na kuranda. Jumamosi namalizia laki 6, nikichelewa kuna mteja mwingine. Mwenye nyumba nilimdokeza, hakukataa. Mafundi ninaowafuatilia YouTube wote wana mashine. Kuranda kwa mkono ni kupoteza muda.

Luku Imeisha:
Ukimalizia hiyo laki 6 unabaki na laki 1. Mbao utanunua na nini? Na hao wenzako watatu wa LUKU wanajua?

Mninga Mkavu:
Wakuu, hii ni chai. Ameulizwa mara mbili ndipo laki 5 ikatokea. Na ni huyuhuyu aliyekuja na uzi wa kuku wa mayai, kuku hatukuwaona. Weka picha ya mashine, la sivyo uzi ufungwe.

Pwani Raha:
Chai ya maziwa na tangawizi. Nasubiri vitumbua.

Kijana wa Chanika:
Kuku walikuwa wa shemeji yangu Mkuranga. Picha hii hapa, nimepiga mwenyewe, mpaka kibati cha mota kinasomeka. Sina sababu ya kuwadanganya.

Waya Mwekundu:
Chai sio, mashine ipo. Ila nimeikuza picha. Kibati kimeandikwa 380V, kilowati 3. Hiyo ni mota ya njia tatu, yaani inataka nyaya tatu za moto, na LUKU yenu bila shaka ni ya njia moja. Hapo haiwaki. Kuingiza njia tatu ni maombi TANESCO, na mwenye mali ni mwenye nyumba.

Kijana wa Chanika:
Muuzaji aliniambia kuna kifaa cha kubadilisha.

Waya Mwekundu:
Kipo, na mota ya njia moja unaweza kufunga. Lakini kilowati 3 ni zaidi ya ampea 13 ikiwa kazini, na wakati wa kuwaka inavuta mara kadhaa ya hapo. Nyaya za kibaraza ziliwekwa kwa ajili ya taa, kijana.

Fundi Mstaafu:
Mimi naona lingine pichani. Diski haina kinga, wala kile kisu cha nyuma kinachozuia ubao usibane. Ubao ukibana unarushwa kifuani kwako. Na vumbi la mninga linawasha na kubana kifua, hapo uani kuna watoto wa watu. Mpigie muuzaji leo, usingoje Jumamosi.

Kijana wa Chanika:
Nimempigia. Hela harudishi, ila ana msumeno wa umeme wa mkononi, drili na klampu, yuko tayari tubadilishane. Nachukua? Au nimalizie mashine nikaifunge kwa shemeji Mkuranga? Kule jirani ana mashine ya kusaga, njia tatu ipo.

Mninga Mkavu:
Shemeji yuleyule wa kuku?

Fundi Mstaafu:
Chukua drili na klampu. Msumeno utikise diski kwa mkono, plagi ikiwa imechomolewa. Ikicheza, mwachie. Kisha uwashe mbele yake, uzime, uangalie kama kinga ya chini inarudi yenyewe kufunika diski. Kinachopungua katika laki 5 yako akulipe kwa randa na patasi, kama anazo. Ukizipata, piga picha ya makali kwa karibu uweke hapa, nikuambie za kununua na za kuacha.