Mrejesho: riwaya ya viumbe wa anga za mbali niliyoiulizia

Wadau, niliwaomba mnitajie riwaya ya kisayansi inayosimulia binadamu wanavyokutana kwa mara ya kwanza na kiumbe wa sayari nyingine, yenye kukamilika katika kitabu kimoja, nanyi mkanielekeza kwenye Solaris ya Stanisław Lem, iliyotoka mwaka 1961. Nimeisoma hapa Tanga, jioni nyingi nikiwa upande wa Raskazoni, na imeniridhisha kuliko nilivyotarajia.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba kiumbe mwenyewe ni bahari inayoifunika sayari karibu yote, nayo haizungumzi wala haitangazi vita, bali inamletea mtafiti Kris Kelvin, ndani ya kituo kilicho juu yake, umbo la mwanamke aliyempenda na ambaye alikwisha kufa, huku maktaba nzima ya wataalamu ikishindwa kueleza kusudi lake. Sura zinazochambua nadharia za wataalamu hao huenda mwendo wa kobe. Mimi nilizifurahia, ila anayetafuta mapigano asijisumbue. Aliyenitahadharisha kuwa mwisho wake hautoi majibu alisema kweli. Mwenye nyingine ya aina hiyo, isiyo na mfululizo, naomba anitajie.